Usubi gani amekuuma? Mwongozo kamili kwa mkazi wa Tanga, kutoka mikokoni hadi vijito vya Amani

Mwambie mtu wa Pangani kwamba jana usubi wamekutesa, atacheka kidogo, kisha akupe mafuta ya nazi ujipake. Mwambie mtu wa Amani maneno hayohayo, atakuuliza umekaa mtoni muda gani. Wote wamesikia neno moja, lakini kila mmoja amemwona mdudu mwingine. Hospitalini nako neno limehama kabisa: usubi wa kwenye mabango ya afya ni ugonjwa wenyewe, ule wa minyoo inayowasha ngozi na kuharibu macho.

Mchanganyo huu una gharama. Kuna anayefunga chandarua kwa ajili ya mdudu anayeuma mchana, kuna anayefukiza moshi chumbani kumfukuza mdudu asiyeingia nyumbani, na kuna kijana aliyeumwa jioni moja pale Raskazone akalala na hofu ya upofu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mdudu. Dawa itafuata.

Hatua ya kwanza: jiulize wapi, saa ngapi, na alama gani

Wadudu watatu wanagombea jina la usubi.

Wa kwanza ni usubi wa mikokoni. Ni mdogo mno, milimita 1 hadi 3, na mara nyingi unahisi moto wa sindano kabla hujamwona. Hupenda alfajiri na magharibi, upepo ukiwa umetulia, kwenye tope la mikoko na fukwe zenye mwani unaooza. Anapita kwenye matundu ya chandarua cha kawaida kama mtu anayepita mlangoni. Anakuachia kipele chekundu kinachowasha siku kadhaa. Barani Afrika jamii yake hubeba mnyoo mmoja wa damu aitwaye Mansonella perstans, ambao watu wengi huishi nao bila kujisikia wagonjwa. Wanaoumia zaidi kwa magonjwa ya ndugu za mdudu huyu ni kondoo. Ukikuna ukatoa kidonda, kidonda ndicho kitakachokusumbua.

Wa pili ni usubi wa mtoni, na huyu ndiye atakayechukua sehemu kubwa ya maelezo haya. Umbo lake ni la nzi mdogo mweusi, mnene, mwenye kibyongo, kana kwamba amebeba gunia mgongoni. Anauma mchana, nje, karibu na maji yanayokwenda kasi, hasa asubuhi na alasiri. Hachomi kama mbu. Huchana ngozi, akasubiri damu ijikusanye, ndipo akainywa. Ndiyo maana anakoondoka hubaki nukta ya damu, mara nyingi chini ya goti. Ukiona nukta hiyo mguuni baada ya kuvuka kijito, umeshapata jibu lako.

Wa tatu ndiye usubi wa mchanga hasa. Ana rangi ya vumbi, mwili wenye manyoya, na anapotua huinua mabawa juu yakafanya umbo la V. Hana mlio. Haruki mbali, hurukaruka tu kama kiroboto aliyeota mabawa, na kazi yake ni ya usiku. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba hahitaji maji kuzaliana. Anataka udongo wenye unyevu kidogo: ndani ya kichuguu, shimo la mnyama, ufa wa ukuta wa udongo. Huyu ndiye mbebaji wa vimelea vya kala-azar, ugonjwa wa homa ndefu na bandama kuvimba, ambao makao yake Afrika Mashariki ni nchi kavu za Baringo, Pokot Magharibi, Turkana na Kitui huko Kenya, halafu Sudan, Sudan Kusini, Ethiopia na Somalia. Pwani ya Tanga haimo katika orodha hiyo. Hata hivyo msafiri wa Tanga anaweza kumkuta, nami nitamrudia mwishoni.

Hatua ya pili: elewa kinachotokea usubi wa mtoni anapouma

Bila kuelewa hapa, utachoka na dawa mwaka wa tatu.

Mnyoo wa ugonjwa wa usubi, ambao nzi huyu wa mtoni huubeba, huitwa Onchocerca volvulus. Jike anaweza kufika sentimita 50, mwembamba kama uzi wa kushonea, naye hujikunja ndani ya kinundu chini ya ngozi, mara nyingi nyongani, kwenye mbavu au karibu na goti. Kinundu chenyewe hakiumi. Ukikibonyeza kinateleza. Humo ndani jike anaishi miaka 10 hadi 15, akitoa vijiminyoo takriban elfu moja kwa siku. Vijiminyoo hivyo haviwezi kukua vikawa minyoo mikubwa ndani yako, vinatembea tu ngozini, vingine hufika machoni, vikisubiri nzi avinywe. Visiponywewa hufa baada ya mwaka mmoja au miwili, na maiti zao ndizo zinazoufanya mwili ujipige wenyewe: mwasho, mabaka, macho mekundu.

Nzi akivinywa, hukaa navyo wiki moja hivi hadi mbili, vikabadilika, kisha akimuuma mtu mwingine humwachia. Kutoka hapo hadi mnyoo ukomae ni mwaka au zaidi. Kwa hiyo anayekuna leo anakunwa na nzi wa zamani.

Hapo kuna faraja kwa mgeni. Ili minyoo dume na jike ikutane ndani ya mwili mmoja na kuanza kuzaa, kwa kawaida zinahitajika kuumwa nyingi, miezi na miaka. Mwanafunzi aliyepanda siku tatu kuona vipepeo na miti ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani hana sababu ya kukosa usingizi. Mwenye sababu ni yule anayelima iliki kando ya kijito, anayefua mtoni kila Jumamosi, anayevua, anayechuma chai bondeni, na mtoto anayechota maji kabla ya shule.

Tanga ni mojawapo ya mikoa ya Tanzania yenye ugonjwa huu tangu zamani, pamoja na Morogoro, Ruvuma na nyanda za juu kusini. Kwetu maeneo yake ni ya milimani na mabondeni: Amani na tarafa jirani za Muheza, sehemu za Korogwe, Lushoto na Bumbuli. Mjini Tanga penyewe, kwenye mitaro yetu iliyosimama, nzi huyu hawezi kuzaliana. Anataka maji yanayopumua.

Na hapa nina hadithi ninayoipenda. Usubi wa Usambara, ambaye wataalamu humwita Simulium woodi, ni wa kundi ambalo kwa miaka mingi hakuna aliyejua linataga na kukulia wapi. Watu walichakura mawe, majani na mizizi ya mitoni, wapi! Nchini Kenya, Waingereza walitia DDT, sumu ya wadudu, katika mito ya Nyanza miaka ya 1940 na nzi wa kundi hili wakatoweka bonde moja baada ya jingine, ilhali waliowatokomeza walikuwa bado hawajaona hata kiluwiluwi kimoja. Fumbo lilifumbuliwa 1950: viluwiluwi hukaa juu ya gamba la kaa wa mtoni. Hujibandika kwa kaa kama abiria, kaa akitembea nao wanatembea, maji yakiwapitishia chakula. Ukienda kijito cha mlimani ukainua jiwe ukamkuta kaa, mtazame vizuri kabla hajakufinya.

Hatua ya tatu: jikinge mtoni, si kitandani

Chandarua kiendelee kuning'inia kwa ajili ya malaria, lakini usubi wa mtoni hakimhusu. Ulinzi wake uko kwenye miguu na saa.

Vaa suruali ndefu, uingize ncha zake ndani ya soksi au gamboti. Hili peke yake ni nusu ya kazi, kwa sababu nzi hawa wa Afrika huuma zaidi kuanzia goti kwenda chini. Mwanamke anayefua anaweza kuvaa suruali chini ya kanga. Watu watamtania siku mbili, ya tatu watazoea. Chagua rangi ya kupauka: nzi hawa huvutwa na rangi nyeusi na buluu iliyokolea, ndiyo maana hata mitego ya watafiti hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ile sare ya shule ya buluu, basi tena.

Kama kazi ya mtoni inaweza kusogezwa, isogeze mchana wa jua kali, katikati ya asubuhi na alasiri. Kama maji yanaweza kuletwa kwa bomba la mteremko hadi kitongojini, hiyo ni kinga kuliko dawa zote za kupaka, kwani safari za mtoni zinapungua kwa kila nyumba. Kikao cha kitongoji kinachojadili bomba kinajadili pia usubi, hata kama hakuna aliyelitaja.

Dawa ya kupaka ya kufukuza wadudu inasaidia. Soma lebo, tafuta yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30, paka vifundoni na nyuma ya goti, rudia baada ya kutoka jasho. Mafuta ya nazi yanayouzwa kama kinga hufanya kazi kidogo kwa usubi wa mikokoni, kwa kuwa mdudu mdogo hunasa kwenye mafuta. Kwa nzi wa mtoni usiyategemee.

Hatua ya nne: meza dawa kila mwaka, hata kama huwashwi

Dawa ni ivermectin. Iligunduliwa kutokana na bakteria wa udongo waliochukuliwa Japani karibu na uwanja wa gofu, na ugunduzi huo uliwapa William Campbell na Satoshi Ōmura Tuzo ya Nobel ya 2015. Tangu 1987 kampuni inayoitengeneza huitoa bure kwa ajili ya ugonjwa huu, kwa hiyo mtu yeyote akikudai hela ya vidonge vya kampeni, mripoti kwa mwenyekiti wako wa kijiji.

Huwa inagawanywa nyumba kwa nyumba au shuleni na wagawa dawa wa jamii, watu wa kijijini penu. Hawana mizani, wana fimbo ya kupimia urefu. Unasimama wima, bila viatu na bila kilemba, na fimbo inasoma idadi ya vidonge vya miligramu 3:

sentimita 90 hadi 119, kidonge 1
sentimita 120 hadi 140, vidonge 2
sentimita 141 hadi 158, vidonge 3
sentimita 159 na kuendelea, vidonge 4

Aliye chini ya sentimita 90 hapewi. Mjamzito hapewi, mama aliyejifungua hapewi katika wiki ya kwanza ya kunyonyesha, na mgonjwa mahututi hapewi. Hawa waandikwe daftarini ili wapewe zamu yao ikifika. Mjamzito anayeficha mimba changa kwa aibu ya fimbo ni jambo la kawaida, basi mgawa dawa mwenye hekima huuliza pembeni, si mbele ya wakwe.

Meza palepale mbele ya mgawaji. Vidonge "nitameza jioni" huishia juu ya kabati.

Kinachowakimbiza watu ni siku mbili za mwanzo. Mwasho huzidi, uso au miguu huvimba, viungo huuma, homa kidogo hupita. Mwenye vijiminyoo vingi ndiye anayeona zaidi, kwa sababu vinakufa kwa mkupuo. Panadol, maji mengi na kupumzika hutosha kwa wengi. Ukishindwa kupumua, ukizimia unaposimama, au uvimbe ukikufunga macho, nenda zahanati mara moja. Na kama uliwahi kuishi misitu ya Kameruni au ya Kongo, mwambie mgawaji kabla ya kumeza: huko kuna mnyoo mwingine, Loa loa, unaoweza kufanya ivermectin kuwa ya hatari. Kwetu haupo.

Swali la kila mwaka ni hili: nimemeza mwaka jana, mbona tena? Rudi kwenye kinundu. Ivermectin huua vijiminyoo vilivyoko ngozini, na humfungia jike uzazi kwa miezi kadhaa, ila haimuui. Baada ya hapo anaanza upya. Dawa ya mwaka inamnyima nzi chakula cha kusambaza mpaka jike afe kwa uzee wake, na uzee wake ni miaka 10 hadi 15. Kitongoji kinachomeza miaka minne kisha kikachoka kimefanya kazi ya kupunguza mwasho tu.

Kuna siku watafiti huja kuwatoboa vidole watoto wa chini ya miaka 10 wapate tone la damu. Msiwafiche. Mtoto mdogo hana historia ndefu, hivyo damu yake inaeleza kama nzi wanaambukiza sasa hivi au la, na ndiyo inayoamua kama kampeni iendelee.

Hatua ya tano: kagua ngozi na macho, uende na maneno sahihi

Kwenye misitu ya huku Afrika Mashariki ngozi huteseka zaidi kuliko macho, ingawa macho hayako salama. Simama kwenye mwanga uvue, mwenzako akukague nyonga, mbavu, magoti na mgongo wa chini. Tafuta vinundu vinavyoteleza. Tazama kama ngozi ya mapaja na matako imekuwa nene na yenye mikunjo kama ya mjusi, au kama mbele ya miguu pana madoa meupe yaliyochanganyika na meusi, ile inayoitwa ngozi ya chui.

Usichanganye na upele. Upele huanza baina ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, huwasha usiku kuliko mchana, na huingia nyumba nzima kwa wiki chache. Usubi huwasha mwenye shughuli za mtoni, polepole, miaka. Utani mchungu ni kwamba ivermectin hutibu hata upele, kwa hiyo mtu hupona mwasho mmoja akadhani amepona wa pili.

Kwa macho, dalili za mwanzo ni machozi, wekundu na kukwepa mwanga. Baadaye mtu huanza kujigonga mlangoni ubavuni huku mbele akiona vizuri. Huyo apelekwe kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo. Kovu la ndani ya jicho halirudi nyuma kwa kidonge.

Mtoto wa maeneo ya usubi akianza kuzimia, kutikisa kichwa wakati wa kula au kupata kifafa, apelekwe hospitali. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, uhusiano kati ya ugonjwa huu na kifafa umechunguzwa kwa miaka mingi, na dawa za kifafa zinapatikana. Kumfungia hirizi kwanza ni kumpotezea muda.

Ukifika zahanati usiseme "nawashwa" ukanyamaza, utapewa losheni. Sema umeishi wapi, miaka mingapi, unafanya kazi gani mtoni, ulimeza dawa ya usubi mara ya mwisho lini. Kipimo cha kawaida ni kukata kipande cha ngozi kidogo kama punje ya mtama karibu na nyonga, pande mbili, kikawekwa kwenye maji ya chumvi na kutazamwa kwa darubini. Hakitoi damu ya maana. Zaidi ya ivermectin, daktari anaweza kuamua kukupa doxycycline kwa wiki 6, inayoua bakteria wanaoishi ndani ya mnyoo mkubwa na hivyo kumtasa na kumfupishia maisha. Hiyo si ya kununua dukani mwenyewe: mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 8 hawaruhusiwi.

Hatua ya sita: mto msiuguse kwa sumu

Hapa watu wenye nia njema huharibu. Wakisikia hadithi ya DDT, au ya wenzetu wa Uganda waliomtokomeza nzi wa kundi hilihili msitu wa Itwara kwa kutia dawa mitoni, wanapata wazo la kumwaga sumu ya shamba kijitoni. Wale walikuwa wataalamu, wenye dawa maalumu ya viluwiluwi na vipimo vya kila kijito. Vijito vya Amani vinaingia Mto Zigi, Zigi unaingia bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiko bomba la mjini Tanga linakonywa. Utakachomwaga Jumatatu utakipika chai Ijumaa.

Kufyeka mimea ya mtoni kumepunguza nzi mahali pengine Uganda, lakini kwa aina inayojibandika kwenye mimea. Wetu yuko juu ya kaa, chini ya jiwe. Mtafyeka mchana kutwa, nao watakuwa wanawauma wafyekaji.

Hatua ya saba: ukisafiri nchi ya kala-azar

Dereva wa lori, mfanyabiashara wa mifugo, askari au kijana wa kibarua anayekwenda Baringo, Turkana au kusini mwa Ethiopia, amebadilisha usubi. Huko usilale chini ya mti wala karibu na kichuguu. Chandarua sasa kina kazi, ila kiwe chenye dawa, kwani mdudu huyu naye ni mdogo wa kupenya matundu. Ukirudi Tanga ukapata homa inayozidi wiki mbili, kukonda, na tumbo kujaa upande wa kushoto kwa bandama kuvimba, mweleze daktari safari yako hata kama ilikuwa miezi mingi iliyopita. Kipimo cha malaria kikiwa safi mara mbili na hujataja Baringo, hakuna atakayewaza kala-azar, na isipotibiwa huua karibu kila inayempata. Tiba ya Afrika Mashariki ni sindano za siku 17, na hutibika.

Hatua ya nane: ukihama mlimani

Hili ndilo linalosahauliwa. Binti amekulia Amani, ameolewa Chumbageni, kampeni ya usubi haimfikii tena kwa kuwa mjini hakuna nzi huyo. Lakini jike aliyeingia akiwa na miaka 14 anaweza kuwa hai akiwa na 28. Akiwashwa mapajani, daktari wa mjini atawaza aleji ya sabuni. Amwambie: nimekaa Amani miaka kumi na minne, tulikuwa tukifua mtoni, na dawa ya fimbo nimemeza mara tatu tu.